Dawa za Kulegeza Misuli: Mambo ya Kumweleza Mtaalamu Kabla ya Upasuaji

Mgonjwa anayefanyiwa upasuaji wa tumbo akiwa amelala kabisa kwa kawaida hupewa dawa za aina tatu: ya usingizi, ya kutuliza maumivu na ya kulegeza misuli. Wakazi wengi wanazijua mbili za kwanza. Ya tatu haijulikani sana, ilhali inahitaji uangalizi wa karibu mno, na usalama wake unategemea pia maelezo ya mgonjwa na jamaa zake.

Inafanya kazi gani?

Dawa hii hukatiza mawasiliano kati ya mishipa ya fahamu na misuli. Misuli ya tumbo hulegea, daktari akapata nafasi ya kufanya kazi. Koo nalo hulegea, na mpira wa kupitisha hewa huingizwa kwa urahisi. Lakini misuli ya kupumua pia husimama. Kwa hivyo mtaalamu wa dawa za usingizi humsaidia mgonjwa kupumua, mara nyingi kwa mashine, hadi nguvu zirudi. Moyo huendelea kupiga.

Dawa hii hailazi mtu wala haitulizi maumivu. Ndiyo maana hutolewa baada ya mgonjwa kulala, na usingizi hudumishwa muda wote misuli inapokuwa imelegea.

Si kila upasuaji unaoihitaji. Mama anayejifungua kwa upasuaji baada ya kudungwa sindano ya mgongo kwa kawaida hapewi.

Mgonjwa aseme nini?

• Historia ya familia. Suksamethoniamu huanza kufanya kazi kwa takriban dakika 1 na kwa kawaida huisha kwa dakika 10 hivi. Watu wachache wamerithi upungufu wa kimeng'enya kinachoivunja, na kwao inaweza kudumu kwa saa kadhaa. Wengine hupandwa na joto kali la hatari. Ikiwa jamaa alichelewa kupumua baada ya upasuaji, au alifariki akiwa chini ya dawa za usingizi, mtaalamu aambiwe.

• Dawa za shambani. Baadhi ya dawa za kuua wadudu hudhoofisha kimeng'enya hicho hicho. Mkulima aliyepulizia mimea siku za karibuni, hasa akiwa amejisikia vibaya baadaye, asinyamaze.

• Kuungua au kupooza. Kwa aliyeungua vibaya, aliyepooza au aliyelala kitandani kwa muda mrefu, suksamethoniamu inaweza kupandisha potasiamu kwenye damu na kuvuruga mapigo ya moyo. Mtaalamu akijua mapema, atachagua dawa nyingine.

• Magonjwa mengine. Ugonjwa wa figo, wa ini, au wa misuli inayochoka haraka na kope kulegea hubadilisha aina na kipimo cha dawa.

• Dawa anazotumia. Jentamisini, kwa mfano, inaweza kurefusha ulegevu wa misuli.

Wakati wa kuamka

Mgonjwa hapaswi kutolewa mpira wa hewa kwa sababu tu amefungua macho. Nguvu zisiporudi vyema, anaweza kushindwa kupumua au kukohoa, na mate yakaingia mapafuni. Kipimo bora ni kifaa kinachotuma mishtuko 4 midogo ya umeme kwenye mshipa wa fahamu, mara nyingi kwenye kifundo cha mkono. Mwitikio wa 4 unapaswa kufikia angalau asilimia 90 ya ule wa kwanza.

Zipo pia dawa za kurudisha nguvu. Neostigimini hutolewa pamoja na atropini au dawa ya aina hiyo ili mapigo ya moyo yasishuke mno. Sugamadeksi huondoa nguvu za rokuroniamu, lakini hupunguza uwezo wa dawa za homoni za kupanga uzazi. Mwanamke aliyepewa dawa hiyo atumie kinga nyingine, kama kondomu, kwa siku 7.

Kabla ya kurudi nyumbani

Tatizo lolote likitokea wakati wa upasuaji, mgonjwa aombe barua inayotaja dawa iliyohusika. Barua hiyo ihifadhiwe pamoja na kadi za hospitali, na ndugu wa damu wajulishwe, kwa sababu huenda nao wamerithi hali hiyo. Siku watakapohitaji upasuaji, waionyeshe kabla ya kuingia chumba cha upasuaji.