Kabla Hujamwita Dada wa Kazi Mwizi

Pete ya ndoa haipo mezani, au pesa za pochi zimepungua, na mtu pekee asiye ndugu aliyeingia chumbani wiki hii ni dada anayekuja kufanya usafi. Moyo unamwendea yeye moja kwa moja. Lakini kuwa mgeni katika nyumba si ushahidi. Na neno mwizi likishawafikia majirani, binti huyo hapati tena kazi mtaa ule, hata pete ikionekana kesho chini ya godoro.

Kwa hiyo anza kwa kunyamaza na kutafuta. Kagua mifuko ya nguo zilizofuliwa, nyuma ya droo, ndani ya mashine ya kufulia, na mfuko wa taka kabla gari halijapita. Kama ni pesa, soma ujumbe wa miamala kwenye simu yako. Huenda ulizitoa mwenyewe ukasahau. Kisha waulize wa ndani, mmoja mmoja: mwenzi wako, watoto, shemeji aliyelala juzi. Waulize kabla jina la dada halijatajwa. Mtoto aliyechukua noti ya elfu kumi akisikia kwamba anayeshukiwa ni dada, atajiona amepona na hatasema kamwe.

Andika unachojua: kitu gani, thamani yake, uliona lini mara ya mwisho, nani wengine waliingia tangu hapo. Fundi bomba naye ahesabiwe, na mgeni wa Jumapili pia. Tafuta risiti au picha ya kitu hicho. Kama ni simu, namba ya IMEI imeandikwa kwenye boksi lake, na polisi wataihitaji.

Sasa ndipo uzungumze na dada, faraghani, watoto wakiwa mbali, pamoja na mtu mzima mmoja mnayemheshimu wote wawili. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. "Umeiweka wapi pete yangu?" ni hukumu iliyovaa nguo za swali. Sema: "Dada, pete yangu sijaiona tangu Jumatatu. Ulipofuta meza, uliiona?" Kisha mwache amalize kusema. Usisome hatia katika kutetemeka kwake; mtu ambaye chakula cha wanawe kinategemea mkono wako hutetemeka hata ukimwuliza habari ya chumvi.

Kumpiga, kumfungia ndani au kumvua nguo ili umpekue ni makosa ya jinai, na ukifanya hivyo wewe ndiye utakayesimama kizimbani. Usimnyang'anye kitambulisho wala simu. Begi lake usiliguse bila ridhaa yake.

Kuna pia njia ambayo mijini na vijijini bado inakimbiliwa: kwenda kwa mganga apige ramli, au kumtishia mtuhumiwa kwamba atasomewa Albadiri, kisomo cha kumlaani mwizi. Nasema wazi, achana nayo. Mganga hakuwapo chumbani kwako. Jina atakalotaja ni lile ulilokwenda nalo wewe. Hofu nayo haichagui. Aliyeiba anaweza kukaza moyo akanyamaza, na asiyeiba akakiri kwa kuogopea uhai wa mtoto wake. Ungamo la namna hiyo halirudishi pete, na linaacha uhasama wa koo mbili.

Ukiwa na jambo la kushika mkononi, kama shahidi aliyeona au kitu kilichokutwa kinauzwa, nenda kituo cha polisi, toa maelezo na uombe namba ya RB, yaani ya taarifa uliyoandikisha. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anaweza kushuhudia mazungumzo, ila yeye si mahakama. Katika maelezo yako tenganisha ulichokiona na unachokidhani, kwa maana Sheria ya Kanuni za Adhabu ya Tanzania inaruhusu kifungo cha hadi miaka 10 kwa mfanyakazi aliyemwibia mwajiri wake. Kama binti hajafika miaka 18, kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 yeye ni mtoto, hivyo mhusishe afisa ustawi wa jamii. Akiwa chini ya miaka 14, hukupaswa kumwajiri tangu mwanzo.

Mshahara wake usiuzuie. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu makato ya fidia pale tu hasara ilipotokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Ni lazima umweleze kwa maandishi sababu na kiasi, umpe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Sheria hiyo hiyo inadai sababu halali na utaratibu wa haki katika kuachisha kazi, na mfanyakazi aliyetimiza miezi sita ana siku 30 za kupeleka mgogoro huo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA.

Nawe dada unayesoma haya baada ya kutuhumiwa: Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza utendewe kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitishwa. Usitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi usiyoielewa. Mpigie ndugu yako simu mapema, na CHODAWU, chama kinachowapokea wafanyakazi wa majumbani, wanaweza kukusimamia.

Mengine ni ya kuzuia. Vito viwe na droo yenye kufuli. Namba ya siri ya simu usimpe dada unapomtuma kwa wakala. Ukiweka kamera, mwambie ipo, na isiwe bafuni wala anapolala. Siku ya kumwajiri, andikianeni mkataba na uwajue wadhamini wake.

Imani ikishakutoka na ushahidi huna, achaneni kwa makubaliano na kwa utaratibu: mpe notisi, mlipe hadi siku ya mwisho, na majirani usiwaambie neno. Na pete ikionekana, mwite umwombe radhi mbele ya wale wale waliokusikia ukimshuku.