Kabla ya Kununua Nyaya za Betri na Inveta

Mtumiaji anaponunua mtambo wa umeme wa jua kwa ajili ya nyumba au duka, huuliza kwa makini bei ya paneli, betri na inveta. Nyaya fupi zinazounganisha betri na inveta humwachia fundi, na pengine hizo ndizo zinazopunguzwa unene ili gharama ishuke. Katika somo hili tunaeleza namna ya kuzichagua.

Kwa nini ziwe nene

Wati hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea. Inveta inayotoa wati 1,000 kwa volti 230 hupeleka kwenye vifaa vya nyumbani ampea zisizofika 5. Upande wa betri ya volti 12, wati hizo hizo huhitaji ampea 83, nazo hukaribia 100 tukijumlisha nishati inayopotea ndani ya inveta yenyewe. Kwa hiyo waya unaofaa kwenye soketi haufai kwenye betri.

Tuchukue mfano wa betri iliyo umbali wa mita 1.5 kutoka kwenye inveta. Waya wa kwenda na wa kurudi hufanya mita 3. Ukitumika waya wa shaba wa milimita za mraba 4, volti 1.3 hivi hupotea njiani, na wati 130 hivi hugeuka joto ndani ya waya. Joto hilo laweza kuyeyusha ganda la plastiki na kusababisha moto. Aidha, inveta hupokea volti pungufu, hulia na kujizima ilhali betri ingali na chaji. Asiyejua huilaumu betri na kununua nyingine, na tatizo likabaki palepale.

Namna ya kukokotoa

Zidisha urefu wa kwenda na kurudi kwa ampea, kisha kwa 0.0175, ambayo ni kipimo cha ukinzani wa shaba. Gawanya jibu kwa 0.25, yaani volti tunazokubali kupoteza, takriban asilimia 2 ya volti 12. Katika mfano wetu: 3 × 100 × 0.0175 ÷ 0.25 = 21. Waya usipungue milimita za mraba 21.

Kipimo cha pili ni fyuzi. Fyuzi izidi kidogo ampea za kawaida, lakini isizidi uwezo wa waya, kwani kazi yake ni kukatika kabla waya haujaungua. Kwa ampea 100 tunashauri fyuzi ya 125, na waya wa kuilinganisha ni wa milimita za mraba 35. Vipimo viwili vikitofautiana, fuata kilicho kikubwa. Umbali ukifika mita 3, hesabu ya kwanza hutoa 42. Hapo nunua waya wa 50.

Wakati wa kununua na kufunga

1. Soma kipimo kilichochapwa kwenye ganda. Unene wa ganda si unene wa shaba.
2. Kwangua nyuzi chache kwa kisu. Zikionyesha weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo hupitisha umeme kwa shida zaidi.
3. Dai risiti inayotaja kipimo na aina ya metali.
4. Hakikisha fyuzi imefungwa karibu na ncha chanya ya betri, na kwamba viungo vyote vimekazwa barabara.
5. Weka inveta karibu na betri. Ongeza urefu wa nyaya upande wa volti 230.

Baada ya kufungiwa mtambo, washa vifaa vyako vya kawaida kwa nusu saa, kisha gusa ganda la nyaya za betri. Zikiwa na joto lisiloshikika, zima mtambo na umwite fundi azibadilishe.