Rangi Ipi Hupinda Zaidi? Somo la Mwanga kwa CD Kuukuu

Katika kukagua mazoezi ya kufundisha mjini Tunduma, tulimsikia mwalimu-mwanafunzi akieleza kwamba siku zote urujuani hupinda kuliko nyekundu. Mtoto mmoja akainua CD kuukuu, akasema yeye ameona kinyume. Alikemewa, akaketi kimya. Kumbe mtoto ndiye aliyesema kweli.

Maelezo kwa mwalimu

Ndani ya mche wa kioo, urujuani hupunguza mwendo kuliko nyekundu, hivyo hupinda zaidi. CD ina kanuni nyingine. Uso wake una mistari iliyoachana kwa mikromita 1.6 hivi. Mawimbi yanayorudi kutoka mistari hiyo huimarishana katika pande fulani tu. Na kadiri wimbi linavyokuwa refu, ndivyo pembe inavyokuwa kubwa. Kwa hiyo nyekundu hutupwa mbali zaidi.

Kwa kanuni hiyo hutengenezwa lenzi zenye duara nyingi zinazosongamana kuelekea ukingoni. Tuseme lenzi kama hiyo hukusanya mwanga wa kijani, wa nanomita 550, umbali wa sentimita 10. Nyekundu ya nanomita 650 itakusanyika kwenye sentimita 8.5 hivi, na buluu ya nanomita 450 kwenye sentimita 12.2. Picha itakuwa na kingo za rangi. Lenzi ya kioo hukosea kwa upande wa pili. Zikiunganishwa vema, makosa hupunguzana. Mwaka 2001 kampuni ya Canon ya Japani ilitoa lenzi ya kamera ya namna hiyo.

Hatua za somo

1. Tia darasa giza. Mwanga wa jua upenye tundu dogo la karatasi ngumu.
2. Funika CD kwa karatasi, ukiacha wazi sentimita moja ya upande unaong'aa. Iweke mbele ya mwanga huo.
3. Pokea mwanga unaorudi juu ya karatasi nyeupe. Mtu yeyote asiutazame moja kwa moja.
4. Watoto wataje rangi kuanzia doa jeupe kwenda nje, kisha walinganishe na mchoro wa mche wa kioo.

Hitimisho

Yatupasa tusiseme "siku zote" kabla hatujauliza: kwa kifaa gani? Na mtoto aletapo ushahidi, tuutazame kwanza pamoja naye.

Zoezi: Lenzi iliyotajwa itakusanya wapi mwanga wa nanomita 500?