Mtafiti au Mbunifu wa Skrini? Jipime Kabla ya Kulipa Karo

Kila wiki tunaulizwa na wateja vijana: "Nataka kazi kwa hizi kampuni za pesa za simu, lakini sijui kuandika programu. Nianzie wapi?" Njia ziko, na leo tunaangalia mbili. Mtafiti wa watumiaji huenda kwa watu kujua wanahitaji nini na wanakwama wapi. Mbunifu wa skrini hupanga unachokiona kwenye simu: menyu, maneno, vitufe na mpangilio wake. Kozi za kazi hizi si za bure, na karo mara nyingi imetoka kwa mzazi au kwa chama. Ni vizuri ujijue kwanza.

Utafiti ulivyobadilisha M-Pesa

Mwaka 2005 M-Pesa ilianza kwa majaribio Thika, Mathare na katikati ya jiji la Nairobi. Lengo lilikuwa kuwasaidia wateja wa Faulu Kenya kulipa mikopo midogo kwa simu. Lakini waliofuatilia majaribio waliona watu wanafanya mambo yao mengine. Wengine walitumiana pesa. Wengine waliweka pesa kwa wakala kabla ya safari, wakazitoa walikofika. Wafanyabiashara walihifadhi humo mauzo ya siku hadi asubuhi. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, ujumbe mkuu ulikuwa kutuma pesa nyumbani. Hiyo ndiyo kazi ya mtafiti: kuona watu wanafanya nini hasa, hata kama si kile kampuni ilitarajia.

Skrini nayo hulinda pesa

Ukikosea tarakimu moja, pesa inaenda kwa mtu usiyemjua. Ndiyo maana siku hizi jina la mpokeaji hutokea ili uhakikishe. Lakini jina likae wapi? Liandikwe na maneno gani? Litasomeka kwa kabambe yenye skrini ndogo? Maswali hayo ni ya mbunifu.

Jipime kwa siku mbili, hapo hapo Uthiru

Siku ya kwanza, ongea na watu watatu unaowajua: mama mboga, makanga, jirani mzee. Usiulize "Unaipenda hii huduma?" kwa sababu atakujibu ndiyo, akufurahishe tu. Uliza: "Mara ya mwisho kutuma pesa, ulifanya nini kwanza? Ulikwama wapi?" Andika maneno yake kama alivyoyasema.

Siku ya pili, chora kwenye karatasi skrini za kutuma pesa, moja baada ya nyingine. Mrudie mmoja wao, umwambie: "Mtumie mwanao shilingi 200." Kisha nyamaza. Pale kidole chake kinaposita, chora upya.

Sasa jiulize: ni siku gani hukutaka iishe? Kama ulirudi nyumbani na maswali mapya, elekea utafiti. Kama ulichora mara ya tano bila kuambiwa na mtu, elekea ubunifu.

Ugumu wa kila upande

Mtafiti huandika ripoti nyingi, na wakati mwingine anayosema hayafuatwi. Kuanza ni rahisi: daftari na masikio. Mbunifu hukaa mezani saa nyingi, na kazi yake hukosolewa kila siku. Programu kama Figma unaweza kuanza nayo bure, lakini utahitaji kompyuta. Hii si ndoa: kampuni ndogo mara nyingi humpa mtu mmoja kazi zote mbili, na wengi huhama upande baadaye. Weka karatasi zako za siku hizo mbili. Ni kazi ya kwanza ya kumwonyesha mwajiri.

Kumbuka usalama

Omba ruhusa kabla ya kuandika habari za mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda taarifa zake. Usipige picha jumbe zake za malipo, na usiangalie salio lake. Na PIN? Mtafiti wa kweli haulizi PIN, hata kwa mazoezi. Anayekuuliza PIN, hata akijiita mtafiti, ni mwizi.