Fundisho kwa Walimu: Kutayarisha Juma
Tangu masomo ya msingi ya serikali yalipofanywa bure mwaka 2019, madarasa yetu yamejaa sana. Katika darasa la pili tuliona mtoto wa benchi ya nyuma akitaja somo lote kwa kichwa, lakini ubaoni hakujua hata neno moja. Mwalimu wake si mvivu. Hakupanga siku ya kumsikia.

Basi siku ya posho, kisha masomo, tuandike kazi ya juma lijalo (si kwa kumpendeza inspekta tu). Tukiwa na mabenchi 12, tusikilize matatu kila siku, mtoto mmoja mmoja, wengine wakiandika. Siku ya tano tusiongeze jipya, turudilie yaliyowashinda.