Kubadilisha Kioo cha Ubavuni cha Gari: Somo la Sayansi kwa Darasa la Sita

Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwanachuo namna kazi moja ya fundi inavyoweza kuwa somo kamili la Sayansi. Kazi yenyewe ni kubadilisha kioo cha ubavuni cha nyuma, kile kidogo kisichofunguka. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, shule kadhaa za wilaya za Ngara na Biharamulo zi karibu na barabara kuu itokayo Nyakanazi na kupita Lusahunga hadi Rusumo. Watoto wa huko huyaona malori yaendayo Rwanda na Burundi kila siku, na habari za magari huwavutia kuliko picha yoyote ya kitabuni. Pili, sisi wenyewe tulikosea katika kazi hiyo, na kosa hilo lilitufundisha jambo ambalo kila mwalimu hana budi kulijua.

Tukio lenyewe

Tulikuwa safarini kuwakagua wanachuo waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Mbele ya Lusahunga lori lilirusha jiwe, nalo likapiga kioo cha nyuma cha ubavuni cha gari letu. Kioo kilimomonyoka chote mara moja, kikawa punje ndogondogo kama chumvi ya mawe. Tulipofika shuleni wilayani Ngara, watoto walilizunguka gari. Msichana mmoja wa Darasa la Sita alitazama kioo cha mbele, ambacho kilikuwa na ufa wa siku nyingi, akauliza: "Mwalimu, mbona hiki kimepasuka na hakijaanguka, na kile kimeanguka chote?"

Mwanachuo aliyekuwa zamu alimwambia anyamaze. Hatuwezi kumlaumu, kwa maana sisi wakufunzi tuliokuwa pale hatukuwa na jibu.

Kioo kingine kiliagizwa Mwanza, kikaletwa kwa basi baada ya siku nne, na muda wote huo tuliziba dirisha kwa nailoni. Fundi alikibandika vizuri, akatuambia gari lilale pale hadi kesho yake. Sisi tulikuwa na haraka. Tuliondoka baada ya saa moja, tukafunga milango kwa nguvu kama ilivyo desturi yetu. Kabla ya kufika Biharamulo kioo kilikuwa kimesogea, na mvua ya jioni ile iliingia ndani ikalowesha maandalio ya wanachuo wetu wote. Fundi alitupa agizo lakini hakutueleza sababu, nasi hatukuiuliza. Agizo lisilo na sababu tulilivunja kwa wepesi. Hivyo ndivyo watoto wafanyavyo na maagizo mengi tunayowaandikia ubaoni.

Mambo ambayo mwalimu yampasa kuyajua kwanza

1. Aina mbili za vioo. Kioo cha mbele hutengenezwa kwa vipande viwili vya kioo vilivyobandikwa pamoja, katikati yake ukiwamo utando wa plastiki. Kikipasuka, vipande hushikwa na utando ule, navyo haviwaangukii abiria. Wazo la kioo cha namna hii linahusishwa na Mfaransa Édouard Bénédictus, mkemia na msanii, aliyelipatia hati ya ubunifu mwaka 1909. Vioo vingi vya ubavuni na vya nyuma si vya namna hiyo. Hivyo hupashwa moto mkali, zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi, kisha hupozwa ghafula kwa upepo. Ngozi ya kioo hutangulia kupoa na kuwa ngumu. Moyo wake hupoa baadaye na kutaka kusinyaa, lakini ngozi imekwisha kukaa. Basi ngozi hubaki imebanwa na moyo hubaki umevutwa. Kioo cha namna hii huwa na nguvu mara kadhaa kuliko cha kawaida, ila ngozi yake ikitobolewa mahali pamoja, nguvu zote zilizofungwa ndani hufunguka kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu humomonyoka chote, na ndiyo sababu fundi hawezi kukikata ili kitoshee dirisha jingine. Hana budi kutafuta kioo cha gari la aina ileile.

2. Namna ya kukishika. Katika magari ya zamani kioo kisichofunguka kilishikwa na mpira wenye mifereji miwili, mmoja wa kioo na mmoja wa bati. Fundi hulaza kamba ndani ya mfereji wa bati, hukisimamisha kioo dirishani, kisha huivuta kamba kutoka ndani ili ukingo wa mpira ulivuke bati. Katika magari mengi ya siku hizi kioo hubandikwa kwa gundi nyeusi ya poliurethani.

3. Gundi hukaukaje. Jambo hili huwapotosha wengi. Gundi ya unga wa muhogo hukauka kwa kupoteza maji. Gundi ya poliurethani hufanya kinyume, kwani hukomaa kwa kuchukua unyevu kutoka katika hewa, na hukomaa kutoka nje kwenda ndani. Kwa hiyo wakati wa kiangazi, miezi ya Juni hadi Agosti, hewa ikiwa kavu, huchelewa kuliko wakati wa masika. Muda wa kungoja huandikwa kwenye kopo. Gundi nyingine hutaka saa moja tu, nyingine siku nzima.

4. Mkanda mweusi ukingoni mwa kioo. Wengi hudhani ni pambo. Kazi yake ni kuikinga gundi na mwanga wa jua, ambao huiharibu.

Andalio la somo

Darasa: la Sita. Muda: vipindi viwili vinavyofuatana, dakika 80.

Shabaha: Mwisho wa somo mwanafunzi aweze (a) kutofautisha aina mbili za vioo vya gari, (b) kueleza hatua za kubadilisha kioo kilichobandikwa, (c) kutoa sababu ya kila hatua. Shabaha ya tatu ndiyo kiini cha somo.

Zana: punje za kioo kilichovunjika ndani ya chupa ya plastiki iliyofungwa, boksi la karatasi ngumu lenye mfuniko, karatasi nyepesi, uji mzito wa unga wa muhogo, gari lolote litakalopatikana, hata likiwa bovu. Ikiwezekana, fundi wa jirani aalikwe. Mwalimu asione aibu kumpisha fundi mbele ya darasa. Fundi anajua kazi, mwalimu anajua watoto, na somo linawahitaji wote wawili.

Tahadhari: Wanafunzi wasishike kioo kilichovunjika wala wasikate gundi. Mwalimu achore mstari ardhini, nao wasimame nyuma yake. Fundi avae glavu na miwani ya kukinga macho. Punje zote zifagiliwe na kufukiwa katika shimo refu mbali na njia, kwa kuwa watoto wetu wengi hutembea pekupeku.

Hatua ya kwanza: swali (dakika 10). Mwalimu aonyeshe chupa yenye punje, kisha aulize swali la yule msichana. Asijibu. Wanafunzi wajadiliane wawili wawili na kuandika makisio yao. Walio wazoefu wa Kihangaza, Kishubi au Kisukuma nyumbani waruhusiwe kuanza kufikiri kwa lugha hiyo, kisha walete jibu kwa Kiswahili.

Hatua ya pili: kutazama (dakika 15). Wanafunzi wakague vioo vya gari. Katika pembe ya kila kioo pana alama ndogo iliyochapwa kiwandani, ionyeshayo aina yake. Watafute mkanda mweusi. Waonyeshe kioo kinachoteremka na kile kisichofunguka.

Hatua ya tatu: kazi ya fundi (dakika 30). Kama kazi halisi haipo, fundi aieleze na kuonyesha kwa mkono. Utaratibu ni huu:

(a) Kuondoa mapambo ya ndani na kuzoa punje zote, pamoja na zilizoingia ndani ya ubavu wa gari.

(b) Kukata gundi ya zamani, lakini si kuikwangua yote. Huachwa tabaka jembamba, la milimita moja au mbili, kwa maana gundi mpya hushika vema juu ya gundi ya zamani iliyo safi.

(c) Kupaka rangi ya kinga mahali popote bati lilipokwaruzwa, ili kutu isianze chini ya gundi.

(d) Kujaribisha kioo kikiwa kikavu, na kutia alama kwa vipande vya utepe.

(e) Kusafisha ukingo wa kioo na kuupaka dawa ya kuandalia gundi.

(f) Kutia gundi kwa mstari mmoja usiokatika, wenye umbo la pembetatu, ili kioo kikikandamizwa itambae pande zote bila kuacha tundu la maji.

(g) Kukibandika mapema kabla gundi haijaanza kuota ngozi, kukishikiza kwa utepe, na kungoja.

Katika kila hatua mwalimu asimamishe kazi na kuuliza: "Tusipofanya hivi, litatokea nini?"

Hatua ya nne: majaribio mawili (dakika 15). La kwanza ni la hewa. Boksi litobolewe dirisha ubavuni, na karatasi nyepesi ibandikwe juu yake kwa uji wa muhogo usiokauka. Mfuniko upigwe kwa nguvu. Karatasi itafutuka au kubanduka, kwa kuwa hewa iliyosukumwa ndani hutafuta njia ya kutokea. Basi wataelewa kwa nini gari lililotiwa kioo kipya huachwa na dirisha jingine wazi kidogo, na kwa nini milango yake hufungwa polepole. Sisi tungalilijua jaribio hili, maandalio ya wanachuo yasingalilowa.

La pili ni la gundi. Karatasi mbili zibandikwe mbele ya darasa na kuvutwa baada ya dakika tano. Nyingine zilizobandikwa jana zivutwe pia. Hapa mwalimu awe mwangalifu kusema kwamba uji wa muhogo ni mfano wa kungoja tu. Si mfano wa namna gundi ya gari inavyokomaa, kwani moja hutoa maji na nyingine huchukua unyevu. Mfano usiotajiwa mipaka yake hugeuka kuwa uongo kichwani mwa mtoto.

Hatua ya tano: tathmini (dakika 10). Wanafunzi warudie makisio yao ya mwanzo na kuyasahihisha wenyewe. Mwalimu asifute makisio yaliyokosewa. Yabaki karibu na jibu sahihi.

Swali la gari la umeme

Mwalimu wa Ngara ajiandae kwa swali hili. Ng'ambo ya Rusumo, mjini Kigali, kampuni za Volkswagen na Siemens zilianza mwaka 2019 kujaribu magari ya umeme ya e-Golf. Tena hapohapo Rusumo maji ya mto Kagera huendesha mitambo ya umeme yenye uwezo wa megawati 80, inayomilikiwa kwa pamoja na Tanzania, Rwanda na Burundi. Mtoto mwepesi atauliza: "Je, gari la umeme nalo hubadilishwa kioo hivihivi?"

Jibu ni ndiyo. Kioo ni kilekile na gundi ni ileile, lakini tahadhari huongezeka. Betri kubwa ya gari hilo, ambayo aghalabu hukaa chini ya sakafu, huwa na volti mia kadhaa, na nyaya zake hufunikwa kwa rangi ya chungwa ili zitambulikane. Nyaya hizo hazipaswi kuguswa na asiyefunzwa. Lina pia betri ndogo ya volti 12, kama magari mengine. Fundi hulizima gari, huweka ufunguo mbali, na hufuata kitabu cha gari kabla ya kufungua mapambo ya ndani, kwa maana huenda karibu na kioo kile umekunjwa mfuko wa hewa wa kuwakinga abiria. Zaidi ya yote, gari la umeme halina mngurumo. Huweza kuwa limewashwa nalo liko kimya kabisa. Fundi hatosheki na ukimya wake. Hutazama taa za dashibodi.

Mwalimu naye asitosheke na ukimya wa darasa. Mwanachuo wetu alipofundisha somo hili mara ya kwanza aliandika hatua zote saba ubaoni, wanafunzi wakanakili kimya, wakazikariri bila kosa. Tulipowauliza kwa nini gari liachwe dirisha wazi, hakuna mkono uliopanda. Alipolirudia kwa utaratibu tulioeleza hapa, hatua mbili zilisahauliwa, lakini mvulana mmoja alisema: "Kama hakuna gari la kulala nalo, bora kusafiri na nailoni." Alikuwa ameelewa kuliko sisi siku ile.

Hitimisho

Hatuwatayarishi watoto wote wawe mafundi wa vioo. Twawatayarisha wawe watu wanaouliza sababu ya agizo, na wanaolitii kwa sababu wameielewa. Falsafa ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilitaka shule isitengane na kazi za watu wanaoizunguka. Gereji iliyo kando ya barabara ni maabara isiyodai kodi. Yule msichana tulimpelekea jibu lake muhula uliofuata. Alilisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali jingine: kioo cha simu je, ni cha aina gani?

Maswali ya kujadili

1. Taja agizo moja ulilowahi kuwapa wanafunzi bila kulieleza. Sababu yake ni ipi?

2. Tunga jaribio jingine, kwa vitu vya kijijini, la kuonyesha nguvu ya hewa iliyofungwa.

3. Eleza mfano mmoja unaoutumia darasani, kisha utaje mahali unapokoma kuwa kweli.

4. Mwanafunzi akikuuliza swali usilolijua mbele ya mkaguzi, utafanya nini?