Pasteli juu ya akriliki

Swali: Mchoraji wa kujifunzia nyumbani hupaka mandhari kwa akriliki, lakini pasteli anayoiweka juu yake huteleza na kupukutika. Sababu ni nini?

Jibu: Pasteli laini ni unga wa rangi ulioshikanishwa kwa gundi kidogo mno. Haigandi kama rangi ya mafuta. Hunasa tu kwenye uso unaokwaruza. Akriliki ikikauka huwa utando laini wa plastiki, na unga hukosa pa kushika. Tabaka la chini lipakwe kwa rangi ya maji nyepesi juu ya karatasi nene, au akriliki ichanganywe na unga wa jiwe la pumisi. Mchoraji Mfaransa Edgar Degas alipita njia nyingine, ya kijasiri zaidi: katika mandhari alizoonyesha Paris mwaka 1892, alianza kwa kupiga chapa ya rangi ya mafuta kwenye karatasi, kisha akaweka pasteli juu.

Pasteli ya mafuta ni jambo jingine kabisa. Haikauki kikamilifu, na rangi ya maji haishiki juu yake, hivyo huja mwisho.

Dawa ya kunyunyizia ili unga wa pasteli laini ushike hutia giza rangi nyeupe. Itumike kwenye tabaka za chini, mawingu meupe yaongezwe baadaye. Kioo cha fremu kisiguse picha.